Hendeli ya Tewfik

Usiku ule Bedria hakupanda kitandani. Aliketi kwenye kizingiti cha mlango wa ndani, shuka mabegani, simu mapajani, macho kwenye lango la ua. Kila alipopiga namba ya mwanawe alijibiwa na yule mwanamke wa mtambo, mwenye sauti laini isiyomjali mtu, kwamba simu haipatikani. Mara moja, kwa uchovu, alimwambia asante. Akageuka kuangalia kama kuna aliyemsikia. Ndani mlikuwa kimya kama kawaida.

Nebil, kitinda mimba wake, alikuwa ameondoka asubuhi na Pijo 404 ya marehemu baba yake, amepakia abiria wa Dire Dawa. Ilikuwa safari ya kwanza ya gari lile tangu alipoifungua injini yote, nati kwa nati, na kuifunga upya palepale uani. Kushuka Dire Dawa si kazi. Hata mzigo wa kuni hushuka. Kazi ni kurudi, kuupanda ule mlima wa kona mpaka Dengego, gari limeinua pua na jua linapiga bati. Aw Mehdi, fundi mzee ambaye Harar nzima humpelekea Pijo zake, alikuwa amemwambia kijana mbele ya mama yake: "Ikishuka na ikapanda bila kulalamika, Jumatatu uje na ovaroli yako. Macho yangu yamechoka, nahitaji mtu."

Bedria aliyashika maneno yale kama mtu ashikavyo kamba ya kisima. Kwa maana chini ya kitanda cha Nebil palikuwa na begi jeusi, na ndani ya begi nguo za mtu anayekwenda mbali. Rafiki yake Fuad alikuwa amepata njia ya Djibouti, na kutoka Djibouti kuvuka bahari. Nebil hakuficha. "Injini ikikubali, Ay, nabaki," alimwambia mama yake. "Isipokubali, nibaki kufanya nini? Kukutazama unavyonitazama?"

Alikuwa amesema kwa mzaha, lakini mama hakucheka.

Fisi walipita chini ya ukuta wakielekea jalalani, wakarudi. Adhana ya alfajiri ikatoka msikiti wa kwanza, ikadakwa na wa pili, mji mzima ukaitikiana. Bedria alikuwa bado kwenye mswala aliposikia kofi mlangoni.

"Fungua, ni mimi."

Alikuwa Zeytuna, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenzake katika chama cha mazishi na harusi, mwanamke asiyejua kuleta habari bila kuipamba.

"Mwanao mzima," Zeytuna alisema kabla hajaulizwa. "Mpwa wangu amepita Dengego na basi lake la usiku, amemwona. Ameketi juu ya jiwe, kajifunika shuka, kama bwana harusi aliyekimbiwa na bibi."

"Na gari?"

"Eh! Mama gani wewe? Uliza kwanza kama amekula."

"Amekula?"

"Nitajuaje? Basi la watu halisimami kuuliza habari za tumbo. Gari limefunuliwa mdomo, mvuke ulishakwisha kutoka. Abiria wamepanda magari mengine, na wamemwachia matusi." Zeytuna akamtazama. "Bedria, kaa chini. Nimekwambia mzima."

Bedria alikaa. Alikuwa amelia bila kujua, akajifuta kwa ncha ya shuka. Mwanawe alikuwa mzima, na jambo hilo lilipokwisha kutulia moyoni, la pili likainuka mahali pake: injini haikukubali.

*

Shule Bedria aliisoma kidogo tu, hadi kuweza kusoma barua na kupanga hesabu ya sokoni. Kisha bibi yake akamketisha kufuma vikapu, kwa kuwa kuta za nyumba ya mwari haziwezi kuwa tupu. Tewfik alimwoa akiwa tayari na Pijo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo aliyasema kwa gari. Jioni akirudi aliifungua boneti, akapiga goti, akaita bila kugeuka: "Bedria, taa."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake miaka yote ya ndoa. Alishika taa. Kwanza ya mafuta, baadaye tochi. Tewfik hakumruhusu kugusa hata skrubu, wala yeye hakutaka. Aliimulika injini, macho akayaweka usoni mwa mumewe. Akiona paji limekunjika alijua kesho asubuhi nyumba itakuwa na hasira. Akiona ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo alijua kimepatikana kinachotafutwa. Alijifunza gari lile kwa kusoma uso wa mtu, kama wengine wajifunzavyo hali ya hewa kwa kutazama mlima.

Tewfik alikufa usingizini, alasiri, kashada ka mirungi bado kamo mkononi. Binti mkubwa, Hayat, alikuwa ameshaolewa Toronto. Wa kati, Ilham, akafuata kazi Jeddah. Ijumaa walipiga simu, wakaonyesha watoto kwenye kioo, watoto wakamwita bibi kwa lafudhi ya huko, wakakimbia. Nyumba za Harar zimejengwa kwa ajili ya watu wengi: majukwaa ya kukalia kwa ngazi, la wageni, la wazee, la wanawake, na vikapu ukutani vikiwatazama wote. Bedria alikaa peke yake kwenye pembe ile ile, na zulia likachakaa mahali pamoja tu.

Pijo ilikaa uani chini ya turubai. Hendeli yake, kile chuma kilichopindwa cha kuzungushia injini asubuhi za baridi, Bedria aliichukua akaitundika ukutani kati ya vikapu. Aliing'arisha kwa mafuta kila wiki. Zeytuna alimcheka: "Wenzako hutundika picha ya mume."

Ndipo Nebil, aliyekuwa ameshindwa duka la simu, akashindwa na utingo wa malori, siku moja akalivuta turubai, akakaa kutazama. Kesho yake akaenda kwa Aw Mehdi kuomba ushauri. Miezi ikapita, ua ukajaa vyuma juu ya magunia, na Bedria akapata tena mtu wa kumpikia chakula cha mchana. Hakuwahi kuyaambia masikio ya mtu, lakini miezi ile ilikuwa mizuri kwake.

Likabaki jambo moja. Gasketi ya silinda hedi, ya kuziba kati ya injini na kichwa chake, ilikuwa ije kutoka Addis Ababa, na barabara ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Injini ikakaa kichwa wazi. Nebil aliifunika kwa shuka na plastiki, akamwambia mama yake, "Hii isiguswe, Ay," akaenda zake kwa Fuad. Mvua ikanyesha isivyotarajiwa, upepo ukainua plastiki. Bedria alitoka mbio na kanga kichwani. Alipoifunua akaona pistoni mbili zimekaa juu, mbili zimezama chini, na kwenye kuta za zile zilizozama maji yanameremeta. Alijua kutu. Kutu alikuwa ameiona usoni mwa Tewfik. Akafuta kwa kitambaa, akapaka oili. Lakini zile mbili zilizokuwa juu zilificha kuta zao, na pembeni mwao aliona tone likichungulia. Tewfik angefanyaje? Angezungusha. Alikuwa amemwona akizungusha mara zisizohesabika.

Akaingia ndani, akaishusha hendeli ukutani, akaichomeka mbele ya gari, akajipa nguvu. Ilikuwa nzito, kisha ikaachia, ikawa nyepesi. Zilizokuwa juu zikazama, naye akazifuta, akazipaka mafuta, akafunika vizuri kwa mawe pembeni. Hendeli akairudisha kati ya vikapu. Jioni ile alijisikia mtu mwenye faida nyumbani. Hakumwambia Nebil, maana alikuwa ameambiwa isiguswe, na pia kwa kuwa alitaka awe na siri moja nzuri.

*

Pijo ilirudi imefungwa kamba nyuma ya lori la vitunguu. Kichochoro cha lango lao kinapitisha gari ukikunja vioo, na Nebil aliushika usukani bila kumtazama mtu, watoto wa mtaa wakisukuma nyuma na kushangilia. Alikuwa ameona taa nyekundu ya oili inapepesa kwenye kona za juu, akazima papo hapo. Hilo Aw Mehdi alilisifu alipokuja baada ya adhuhuri, akifuatana na Ibsa, fundi wake wa siku nyingi, mtu mnene mwenye mdomo usiopumzika.

"Ungeendelea mpaka Harar, leo tungekuwa tunazika krenki, na injini pamoja nayo," Aw Mehdi alisema. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakisogeza karibu na miwani, akakinusa. Kisha akafungua kizibo cha juu, akakigeuza. Ndani kilikuwa kimejaa povu zito la rangi ya maziwa.

"Bedria," Ibsa aliita, "hii ni oili au ni ile hoja ya maganda ya kahawa na maziwa unayotupikia? Inataka chumvi kidogo tu."

"Maji yameingia," Nebil alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Ni gasketi ya hedi. Wamenitumia mbovu, nilijua tangu nilipoishika."

"Gasketi haina mdomo," Aw Mehdi alisema, "ndiyo maana kila mtu huisingizia. Toa plagi."

Nebil akazitoa, akazipanga juu ya gazeti. Mzee akazitazama moja moja. Zote zilikuwa kavu, za rangi ya kahawia kama ngozi ya mkate.

"Gasketi ikivuja, maji hupanda kwenye moto, plagi mojawapo ingekuwa imeoshwa kama mtoto wa Idi. Hizi hazijaona maji. Chungulia rejeta. Kuna mafuta juu?"

"Hakuna."

"Basi maji hayapandi. Yanashuka. Yanashuka kimyakimya, yanaingia kwenye oili, wala hayarudi kuaga. Tuliache lilale. Chombo kikitulia kitasema."

Bedria alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na sinia la vikombe. Aliona mguu wa mwanawe unavyochezacheza. Usiku ule mtoto hakula, akasema ameshiba hasira.

Asubuhi mafundi walirudi. Aw Mehdi alimwambia Ibsa alale chini ya gari, alegeze nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, polepole, asiitoe. Kwanza yakatoka maji, safi kabisa, uzi mwembamba kwenye beseni, maana maji ni mazito kuliko oili na yalikuwa yamekwenda kukaa chini. Kisha yakawa ya kijivu, kisha ikafuata oili. Wakaiondoa sampu yote, injini ikabaki tumbo wazi. Wakajaza rejeta, na Aw Mehdi akachomeka mpira wa pampu ya baiskeli kwenye mfuniko alioutoboa mwenyewe zamani kwa kazi hiyo.

"Nebil, ingia chini na tochi. Usinitazame mimi, tazama miguu ya slivu. Ibsa, pampu. Taratibu, si tairi la punda."

"Punda hana tairi, mzee."

"Ndiyo maana nakwambia taratibu."

Pampu ilipumua mara kadhaa. Bedria alisikia njiwa wakikwaruza bati.

"Naona," Nebil alisema kutoka chini. "Tone la maji. Kwenye mguu wa slivu ya tatu. Na ya pili pia, kidogo. Linakusanyika, linaanguka."

Aw Mehdi aliacha mkono juu ya tanki la rejeta kwa muda. Alipozungumza, alizungumza kama mtu anayemweleza mgeni, ingawa kijana alikuwa anayajua yote.

"Slivu za Pijo, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, hazikubanwa. Zimekaa ndani ya maji kama vikombe kwenye beseni, na chini ya kila kikombe kuna pete nyembamba kama karatasi. Kinachozikalisha ni hedi ikishafungwa. Hedi ikitoka, nani anazikalisha?"

"Vishikizo," Nebil alijibu.

"Vile vyuma vyangu vinne. Ukivifunga juu ya slivu, zungusha unavyotaka. Usipovifunga ukazungusha, pistoni inaishika slivu inapanda nayo, pete inakunjika. Kwa macho huoni. Unafunga hedi, injini inaimba, unachukua abiria wa watu mpaka Dengego."

"Vishikizo nilivirudisha kwako, Aw Mehdi. Uliviagiza mwenyewe, ulipotengeneza gari la kasisi mmoja."

"Kweli, niliviagiza. Na nilikwambia, bila hivyo usizungushe."

"Sikuzungusha."

"Slivu hazipandi zenyewe, mwanangu. Kuna mtu alitia hendeli akazungusha."

Neno hendeli lilipotajwa, Bedria aliuhisi mkono wake wa kulia. Aliuhisi uzito ule, na namna ulivyoachia. Ule wepesi ndio uliomfurahisha siku ile. Taa yake miaka yote ilikuwa imemmulikia Tewfik, na yeye akautazama uso wa Tewfik. Vyuma vinne juu ya slivu vilikuwa pale kila mara, chini ya mwanga wake mwenyewe, na hakuvitazama hata siku moja.

"Naapa kwa kaburi la baba," Nebil alisema. Alikuwa ametoka chini ya gari, oili shavuni.

"Kaburi liache lipumzike. Mimi sikuuliza kama umekosea. Kukosea hakumfukuzi mtu kwangu. Huyu Ibsa amekosea mpaka amezeeka."

"Na bado nina nguvu," Ibsa alisema, lakini kwa sauti ya chini.

"Nimeuliza ulizungusha au hukuzungusha. Fundi anayekosea namfundisha. Fundi anayeficha, siku moja gari lake litaua watu mlimani na yeye atasema ni gasketi." Mzee akajifuta mikono kidole kwa kidole. "Nenda ukapumzike. Ukikumbuka, njoo."

Nebil akatupa kitambaa juu ya boneti. Akapita mbele ya mama yake, karibu amkumbe. Bedria akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa, "Kahawa itapoa."

*

Alasiri nzima aliosha vyombo vilivyokuwa visafi. Juu, katika chumba cha Nebil, aliisikia zipu ya begi ikifunguliwa na kufungwa. Kisha kijana akashuka nusu ya ngazi.

"Alfajiri natoka na Fuad."

"Nebil."

"Usinilie, Ay. Mzee ameshaniita mwongo mbele ya Ibsa, na Ibsa ni redio. Kufika magharibi madereva wote watajua. Nitampandisha nani kwenye gari mji huu?"

Akapanda tena, na komeo likaingia mahali pake.

Bedria aliwaza kama mama wengi wanavyowaza, kwa kutafuta njia ambayo haitamgusa mtoto. Aliwafahamu watoto wanaoondoka. Wanaoondoka kwa heri hupiga simu Ijumaa. Wanaoondoka na kinyongo hawapigi. Mwana wa Zeytuna alikuwa hajapiga tangu wagombane kwa sababu ya nyumba, na Zeytuna, na mdomo wake wote ule, alilala na simu chini ya mto. Nebil akijua ni mama yake aliyemharibia, ataondoka na hilo. Lakini Aw Mehdi akijua peke yake, huenda akamwita kijana kimyakimya, mambo yakaisha.

Akaishusha hendeli, akaizungushia mtandio, akaenda gereji.

Aw Mehdi alikuwa peke yake, anakunywa chai juu ya kiti cha gari kilichong'olewa. Bedria aliiweka hendeli miguuni mwake kama mtu anayemrudisha mtoto wa watu. Akaeleza mvua, plastiki, kutu, kitambaa. Alieleza haraka, macho chini.

Mzee aliitazama hendeli. "Nilidhani mimi ndiye nimezeeka," alisema mwishowe. "Nilimtazama kijana usoni nikaona anasema kweli, nikajiambia macho yangu mabovu."

"Basi umwite. Mwambie umemsamehe. Usimtaje mtu."

"Nimsamehe nini? Hakufanya kitu." Aw Mehdi akaweka kikombe chini. "Nikimwita hivyo, atakuja akijua namwonea huruma, na maisha yake yote atafikiri nilimwona mwongo nikanyamaza. Shemeji, umekuja kunieleza mimi, na mimi sikukufungia mlango. Aliyefunga yuko kwako."

Akainuka kwa shida, akaingia ndani, akatoka na vyuma vinne vilivyofungwa kwa waya. Akamwekea mikononi.

"Na hii hendeli yako ichukue. Tewfik angenipiga nayo."

*

Aliporudi jua lilikuwa limeshuka na umeme umekatika mtaa mzima. Akawasha taa ya mafuta, ile ya zamani, kwa kuwa tochi haikuwa na betri. Akapanda ngazi, taa mkono mmoja, vyuma mkono mwingine. Hakukuwa na mwanga chini ya mlango wa Nebil. Alijua yumo kwa kuwa viatu vilikuwa nje.

"Nebil."

Akasogeza taa mlangoni.

"Usifungue. Sikiliza tu." Akakaa chini, mgongo kwenye nguzo ya ngazi. "Ni mimi niliyezungusha. Siku ya mvua, ulipokuwa kwa Fuad. Plastiki iliruka, maji yakaingia, nikaogopa kutu. Nilitia hendeli ya baba yako."

Akangoja. Ndani kitanda kililia, kikanyamaza.

"Uliniambia isiguswe. Nilidhani unawaambia watu wengine. Na leo uani nilijua, tangu mzee alipotaja hendeli. Nilinyamaza ukapita mbele yangu. Hilo ndilo baya zaidi, najua. Aw Mehdi nimeshamwambia. Amenipa vishikizo nikuletee."

Akaviweka vyuma sakafuni, mbele ya mlango. Vililia kwa mlio mdogo wa chuma. Alikuwa na maneno mengine aliyoyapanga njiani, kuhusu nyumba, kuhusu bahari na mitumbwi inayozama, kuhusu pembe yake ya zulia. Akayatafuta, akaona hayafai kutajwa pale, yangekuwa kama kumshika mtu nguo.

Muda ukapita. Chini, paka wa Zeytuna akaruka ukuta. Utambi wa taa ukaanza kutoa moshi, akaupunguza.

"Ulizungusha mara ngapi?" Sauti ilitoka karibu sana, nyuma tu ya mbao.

"Mpaka zilizokuwa juu zikawa chini. Si zaidi."

"Nusu mzunguko." Alisema kama anayejisemea. "Ulisikia kitu? Kama kinanata, halafu kinaachia?"

"Nilisikia. Nilidhani ni kutu."

"Haikuwa kutu."

"Sasa najua."

Bedria aliutazama mlango. Tewfik alikuwa ameuchonga mwenyewe mwaka aliozaliwa Hayat, na ubao mmoja haukulingana na mwenzake. Hakuwahi kuutazama kwa karibu hivyo. Kisha komeo likasogea.

Nebil alisimama akiwa amevaa tayari nguo za safari. Nyuma yake, juu ya kitanda, begi jeusi lilikuwa limefungwa. Hakumtazama mama yake. Aliinama akaokota vishikizo, akavipima uzito, akafungua waya, akavipitishia kidole gumba pale palipolika.

"Ya tatu na ya pili," alisema. "Itabidi zitoke zote nne."

"Ngoja nikushikie taa."

"Hapana, Ay."

Aliichukua taa mkononi mwake, si kwa hasira, akashuka ngazi. Mwanga ukashuka naye, ukutani vikapu vikapita kimoja kimoja, ukatoka uani. Bedria alibaki gizani. Alisikia boneti ikiinuliwa, kisanduku cha spana kikivutwa juu ya mawe, na baada ya muda, nati ya kwanza ya hedi ikikataa, ikikataa tena, kisha ikilegea.

Angeweza kuinuka aingie chumbani, aone begi kwa karibu, alipapase kama ni zito. Hakuinuka. Mlango Nebil alikuwa ameuacha wazi, nao ukawa unasogea kidogo kwa upepo, unagota nguzo, unarudi. Akaweka mguu wake pale chini, usije ukajifunga.